Kutabiri ucheleweshaji wa ujenzi kwa akili unde: ipimeni kwanza kwa miradi yenu

Swali la msomaji: "Mimi ni mhandisi na mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya ujenzi ya ukubwa wa kati hapa Nairobi. Katika miaka kumi iliyopita tumejenga majumba ya kukodisha, shule na maghala, yapata miradi thelathini, na mingi kati yake ilichelewa. Muuzaji wa programu ya kompyuta ametuambia kwamba akili unde itatuonyesha hatari na ucheleweshaji miezi kadhaa kabla ya kutokea, naye anataka tulipe ada ya mwaka mzima. Kumbukumbu zetu ziko katika majedwali ya Excel, madaftari ya saiti na vikundi vya WhatsApp. Je, tununue? Na teknolojia iliyofunzwa kwa miradi ya ng'ambo itayaelewa mambo ya hapa kwetu?"

Mhandisi, nashukuru kwa swali lako, na hasa kwa kueleza kumbukumbu zenu ziko wapi, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu langu inategemea jambo hilo. Kwa ufupi, teknolojia hii ni ya kweli na inaweza kuifaa kampuni ya kiwango chenu. Hata hivyo, nawashauri msitie saini mkataba wa mwaka mzima kabla programu hiyo haijafanyiwa mtihani kwa miradi yenu wenyewe iliyokwisha, na kabla hamjaanza kuzitengeneza kumbukumbu zenu zikawa za kuaminika. Mtihani huo nitaueleza kwa kirefu hapa chini, maana hapo ndipo fedha zenu zitakapookolewa au kupotea.

Kwanza tuelewane programu hizi hufanya nini. Ratiba ya ujenzi tuliyoizoea, yaani orodha ya kazi zilizounganishwa ili ijulikane ipi itangulie na ipi ifuate, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 nchini Marekani, katika kampuni ya DuPont na katika mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la wanamaji. Kwa kawaida ratiba ya namna hiyo hutupa tarehe moja ya kumaliza, na tarehe hiyo husimama tu endapo kila kazi itachukua muda uliokadiriwa. Ujifunzaji wa mashine hulitazama jambo hilo kutoka upande wa pili. Mashine hupewa rekodi za maelfu ya kazi zilizokwisha kufanyika, pamoja na muda uliopangwa, muda uliotumika, aina ya jengo, msimu wa mwaka, idadi ya mafundi na mtiririko wa malipo, kisha hutafuta ni mambo gani yalipokutana kazi zikachelewa. Ikipewa ratiba mpya, haitaji tarehe moja, bali hueleza kwamba uwezekano wa kumaliza kufikia Septemba ni kiasi fulani, kufikia Novemba ni kiasi fulani, na kwamba hatari kubwa imejificha katika kazi kadhaa ambazo hutaja moja baada ya nyingine.

Bidhaa zinazouzwa kwa jina la akili unde hazifanani. Kuna kampuni kama nPlan ya London, ambayo imefunza modeli zake, yaani mifumo ya hesabu inayojifunza kutokana na mifano, kwa mamia ya maelfu ya ratiba za miradi iliyopita. Kuna nyingine kama ALICE Technologies ya California, ambayo kazi yake kubwa ni kuzipanga kazi upya kwa njia nyingi mbadala ili msimamizi aone ipi inaokoa muda. Nyingine husoma picha za saiti na kuzilinganisha na michoro ili kujua kazi imefika wapi. Na zipo, nasikitika kusema, ambazo huweka tu rangi nyekundu, manjano na kijani juu ya jedwali ambalo mngeweza kulichora wenyewe. Kabla ya kuzungumza bei, mtakeni muuzaji aseme kwa maneno ya kawaida modeli yake imejifunza kutokana na miradi gani, na inatabiri kitu gani hasa.

Huenda ukajiuliza kuna haja gani ya mashine ilhali mna wahandisi na maforomani waliokaa kwenye mjengo miaka mingi. Haja ipo, kwa kuwa uzoefu pekee hautukingi na kosa hili. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu anayekadiria muda wa kazi yake hutazama mpango ulio mbele yake na kusahau jinsi kazi za aina hiyo zilivyokwenda kwa wengine, na hata kwake mwenyewe. Mtaalamu wa Denmark, Bent Flyvbjerg, aliligeuza wazo hilo kuwa utaratibu wa kukadiria: tafuta kundi la miradi inayofanana na wako, tazama iliishia wapi, kisha rekebisha makadirio yako kwa kiwango hicho. Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza ilianza kuutaka utaratibu huo katika miradi yake mikubwa mwaka 2004. Angalia kwamba hakuna kompyuta ya ajabu katika jambo hilo. Kinachohitajika ni kumbukumbu za kweli na nia ya kuziamini kuliko matumaini.

Sababu ya pili ni ya hesabu, nayo huwapita hata watu makini. Tuseme kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya tatu siku ya Jumatatu kunahitaji mambo matano: nondo ziwe zimefika, mbao na nguzo ziwe zimetolewa ghorofa ya chini, mafundi wa umeme wawe wamelaza mabomba yao, mhandisi wa miundo awe amekagua, na lori za zege ziwe zimepatikana. Kila jambo likiwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kuwa tayari kwa wakati, na kila moja likijitegemea, uwezekano wa yote matano kuwa tayari Jumatatu hiyo ni takriban asilimia 33. Ukimwuliza foromani kuhusu nondo, atakujibu kwa haki kabisa kwamba hana wasiwasi. Ukimwuliza kuhusu mafundi wa umeme, jibu litakuwa lilelile. Na bado slabu itachelewa mara mbili kati ya tatu. Kompyuta haichoki kuzidisha uwezekano huo katika kazi mia tatu zilizounganishwa, na hiyo ndiyo faida yake ya kwanza, hata kabla hatujataja kujifunza.

Sasa nije kwenye kumbukumbu zenu. Mashine haijui kilichotokea saiti. Inajua kilichoandikwa tu, na katika kampuni nyingi za ujenzi kilichoandikwa kina kasoro tatu ambazo muuzaji hatazitaja, kwa kuwa haziko katika programu yake.

Kasoro ya kwanza ni kufutwa kwa ratiba ya mwanzo. Kila mwezi, kabla ya kikao cha saiti, mwenye kupanga kazi hufungua jedwali lilelile, husogeza tarehe mbele, kisha huhifadhi juu ya lile la zamani. Mradi unapokwisha, ratiba iliyobaki inalingana barabara na yaliyotokea, na kwa macho ya mashine mradi huo haukuchelewa hata siku moja. Ikiwa mmefanya hivyo kwa miaka kumi, msikate tamaa, kwa sababu ratiba za mwanzo huwa zimebaki mahali pengine: katika viambatisho vya zabuni, katika barua pepe mlizowatumia wasanifu majengo, katika kumbukumbu za vikao vya kwanza. Mwekeni mtu mmoja azitafute. Kuanzia leo kila ratiba ihifadhiwe kwa tarehe yake, na isiandikwe juu ya nyingine kamwe.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi kuiona, nayo ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Sababu za kuchelewa zilizomo katika madaftari yetu ziliandikwa kwa ajili ya madai. Chini ya mikataba tunayoitumia hapa, uwe ule wa Joint Building Council wa hapa Kenya au ule wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida humpa mwanakandarasi msingi wa kuomba nyongeza ya muda, ilhali kuchelewa kwake mwenyewe kuagiza vifaa hakumpi kitu. Basi siku ambayo mvua ilinyesha kwa saa mbili asubuhi, na wakati huohuo kontena la vigae lilikuwa bado Mombasa kwa sababu liliagizwa kwa kuchelewa, daftari litaandika mvua. Mashine ikifunzwa kwa madaftari ya namna hiyo itaamini kwamba adui wa kampuni yenu ni mawingu, na itawaonya kuhusu mawingu mwaka mzima, huku ofisi ya ununuzi ikiendelea kuagiza vigae kwa kuchelewa. Siwashauri muwe na madaftari mawili, moja la kumwonyesha mteja na jingine la ukweli, kwa kuwa njia hiyo ina hatari za kisheria na za kimaadili. Ninachoshauri ni daftari moja lenye nafasi ya sababu zaidi ya moja kwa kila siku iliyopotea, likijazwa siku hiyohiyo na mtu asiyehusika na kuandika madai. Kuhusu mvua, kuna njia ya kuhakiki: data za CHIRPS, zinazokadiria mvua kwa kutumia setilaiti na vituo vya hali ya hewa tangu mwaka 1981, hupatikana bure, na kijana yeyote wenu anayejua kutumia majedwali anaweza kulinganisha kile daftari lilichodai na kile kilichonyesha katika eneo hilo.

Ya tatu ni asilimia za kukisia. Kazi ya plasta huripotiwa kuwa imefika asilimia 90, na wiki nne baadaye bado ni asilimia 90. Badala ya asilimia, andikeni vitu vinavyohesabika: vyumba vilivyopigwa plasta, milango iliyotiwa, mita za bomba zilizolazwa na kupimwa shinikizo.

Uliuliza kama teknolojia iliyofunzwa ng'ambo itaelewa mambo ya hapa. Kwa sehemu itaelewa. Mpangilio wa kazi hauna nchi: popote duniani, kazi za mitambo ya jengo zikirundikana mwishoni pamoja na za umaliziaji, mafundi hugongana na muda hupotea. Modeli iliyoona ratiba nyingi huweza kuigundua hali hiyo katika ratiba yenu. Tatizo liko katika sababu zinazotoka nje ya ratiba, na hapa Nairobi sababu hizo zina uzito mkubwa.

Ya kwanza kwa uzito, kwa maoni yangu, ni malipo. Mwanakandarasi ambaye hati yake ya malipo imekaa miezi minne bila kulipwa hupunguza vibarua, huacha kukodisha mashine na kuanza kuomba saruji kwa mkopo, na yote hayo hutokea kabla ratiba haijaonyesha dalili yoyote. Katika barabara za umma madeni yalilimbikizana hadi kazi nyingi zikasimama, na mwaka 2025 Serikali ikaanza kuwalipa wanakandarasi kwa fedha zilizopatikana kwa kuweka dhamana sehemu ya tozo ya mafuta. Upande wa pili kuna barabara ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2020 na magari yakaruhusiwa kwa majaribio Mei 2022. Ilipita katikati ya jiji lenye msongamano, juu ya mabomba na nyaya za kila aina, lakini mjenzi ndiye aliyekuja na fedha zake chini ya ubia na Serikali. Sidai kwamba fedha peke yake ndizo zilizoleta kasi hiyo. Ninachosema ni kwamba programu isiyo na mahali pa kuingiza siku ambazo hati ya malipo imekaa bila kulipwa imekosa kitu ambacho mhasibu wenu anakijua tayari.

Kisha kuna ardhi na mvua, mambo mawili ambayo hapa hayatenganishwi. Udongo mweusi wa upande wa Embakasi, Syokimau na Athi River huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi uliopangwa kuchimbwa Aprili huko si sawa na msingi uleule katika udongo mwekundu wa Kilimani. Modeli iliyofunzwa Ulaya itakuwa imejifunza majira ya baridi na theluji. Itahitaji kuelezwa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na itahitaji kujua kwamba masika moja yanaweza kuwa kama yale ya mwaka 2024, mafuriko yalipoingia Mathare na Mukuru na barabara za kupitishia kokoto na mchanga zikakatika.

Vifaa vinavyoagizwa kutoka nje, kama lifti, alumini na mitambo ya umeme, hubeba hatari ya bandari na hatari ya shilingi kwa pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Aliyeagiza lifti Januari na aliyeagiza Julai walikuwa na miradi miwili tofauti hata kama michoro yao ilikuwa ileile. Vibali vya kaunti, usajili wa mradi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, leseni ya mazingira na kuunganishiwa umeme navyo viingizwe kama kazi zenye muda wake, kwa kutumia muda mliosubiri ninyi wenyewe katika miradi iliyopita, si muda ulioandikwa katika mwongozo.

Liko jambo moja ambalo mashine haitajifunza kamwe kutokana na kumbukumbu zenu, nalo ni uchaguzi mkuu. Katika miaka kumi mmeona wa Agosti 2017, uliofuatwa na marudio ya Oktoba, na wa Agosti 2022. Hakuna modeli inayoweza kujifunza jambo la maana kutokana na matukio mawili. Mradi wowote utakaovuka Agosti 2027 uongezewe tahadhari kwa uamuzi wa binadamu, na uamuzi huo uandikwe wazi ili usichanganywe na utabiri wa kompyuta.

Sasa mtihani wenyewe. Chagueni miradi kumi hivi iliyokwisha, ikiwemo iliyokwenda vizuri na iliyowaumiza. Kwa kila mmoja, mpeni muuzaji ratiba ya mwanzo na kumbukumbu za miezi mitatu ya kwanza tu, kisha mficheni yote yaliyofuata. Mwambieni aeleze kwa maandishi kila mradi uliisha lini kwa makadirio yake, kwa uwezekano gani, na ni kazi zipi zilizouchelewesha. Halafu fungueni mafaili na mlinganishe.

Kuficha huko kufanywe kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu habari za baadaye huvuja kwa njia ndogondogo. Orodha ya vipimo na gharama iliyosahihishwa mwishoni huwa na maagizo yote ya mabadiliko. Jina la faili huwa na mwaka wa kukabidhi jengo. Ratiba iliyohaririwa huwa tayari imesogezwa. Programu ikipata habari hizo itaonekana kuwa na hekima ambayo haitakuwa nayo kwenye mradi mpya, ambao kesho yake bado haijaandikwa popote.

Lipo kosa jingine la kitaalamu ambalo hata wauzaji wenye nia njema hulifanya. Mtaambiwa kwamba miradi thelathini yenye kazi mia mbili kila mmoja ni sawa na mifano elfu sita, na kwamba elfu sita zinatosha kufunza mashine na kuipima. Kazi mia mbili za mradi mmoja hazijitegemei: mteja ni yuleyule, malipo ni yaleyale, foromani ni yuleyule, mvua ni ileile. Kama baadhi ya kazi za mradi mmoja zimetumika kuifunza mashine na nyingine za mradi huohuo zikatumika kuipima, mashine imeshaujua mradi, na alama zake hazina maana. Lazima mradi mzima uwe upande mmoja, wa mafunzo au wa mtihani. Kwa kipimo hicho mna mifano thelathini, na thelathini ni michache. Ndiyo maana kwa kampuni ya ukubwa wenu njia ya busara ni modeli iliyofunzwa kwa miradi mingi ya wengine kisha ikarekebishwa kwa yenu, badala ya modeli inayojengwa kwa kumbukumbu zenu peke yake.

Matokeo mnayolinganisha nayo yasiwe ratiba zenu za zamani, maana hizo ni rahisi mno kushindwa. Linganisheni na hesabu ya bure. Tuseme majumba yenu ya kukodisha yalipangiwa kwa kawaida miezi 14 na yakachukua 19. Kila ratiba mpya ya jumba la namna hiyo izidishwe kwa takriban 1.36, na mradi wa miezi 14 usomeke kuwa wa miezi 19 tangu siku ya kwanza. Programu isiyoweza kuishinda hesabu hiyo ya dakika tano haistahili ada. Nadhani mtashangaa ni ngapi zitakazopata shida kuishinda katika tarehe ya mwisho. Pale ambapo programu nzuri huonyesha thamani yake ni katika kutaja mahali, yaani kusema kwamba ucheleweshaji utatokea kwenye mabomba ya ghorofa ya chini na si kwenye paa. Hilo hesabu ya bure haiwezi kulifanya.

Tazameni pia kama uwezekano unaotajwa unaaminika. Kazi zote ambazo programu ilisema zina uwezekano wa asilimia 70 wa kuchelewa, takriban saba kati ya kila kumi ziwe zilichelewa kweli. Zikiwa zote kumi zilichelewa, programu inaogopa kusema. Zikiwa tatu, inatia hofu bure, na katika mwezi wa pili foromani ataacha kuifungua. Mwisho wa mtihani, ulizeni onyo lilikuja mapema kiasi gani. Onyo la wiki mbili linatosha kutafuta lori za zege kwingine. Kwa lifti iliyo kiwandani China, onyo hilo limechelewa.

Kuhusu vikundi vya WhatsApp na madaftari, hapo akili unde ya lugha inaweza kuwasaidia mara moja, tena kwa gharama ndogo. Mifumo hii husoma maandishi yaliyochanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng kwa kiwango cha kuridhisha, na inaweza kupitia ujumbe wa miaka mingi ikatoa jedwali la tarehe, kazi iliyosimama na sababu iliyotajwa. Mtu wenu aliyekuwepo saiti ahakiki sampuli kubwa ya jedwali hilo, kwa sababu mifumo hiyo hujaza pengo kwa maneno yanayoonekana kuwa kweli. Msiiulize kamwe jengo litaisha lini, kwani itawajibu kwa ufasaha bila msingi wowote. Kumbukeni kwamba ujumbe huo una majina ya vibarua, namba zao za simu na pengine habari za majeraha yao, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu: ondoeni majina na namba kabla ya kupakia chochote kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kamera na droni nitazipita haraka. Zinasaidia kuhesabu maendeleo, lakini droni inahitaji idhini chini ya kanuni za usafiri wa anga za mwaka 2020, na kwa majengo yenu ya ghorofa tano au sita, mtu anayetembea na simu kila Ijumaa kwa njia ileile hukusanya karibu yote mnayohitaji.

Kabla hamjawasha programu yoyote, zungumzeni na wakili wenu kuhusu mkataba. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999 yanamtaka mwanakandarasi atoe taarifa mapema kuhusu matukio yanayoelekea kuchelewesha kazi au kuongeza gharama, na dai la nyongeza ya muda linahitaji taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. Utabiri uliokaa kwenye kompyuta yenu unaosema kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kuchelewa unaweza kuulizwa mbele ya msuluhishi: mlijua lini, na mlimwambia nani? Binafsi naona hili ni jambo jema, kwa sababu linawalazimisha watu kusema ukweli mapema, lakini msiingie bila kulijua. Mkubaliane pia na muuzaji kwamba data zenu hazitauzwa wala kuonyeshwa kwa benki, bima au washindani wenu. Alama ya hatari iliyokokotolewa kwa ajili ya kuwasaidia isije ikatumiwa kuwanyima dhamana ya zabuni.

Linalobaki ni watu. Onyo lisilo na mwenye kulifanyia kazi halibadilishi chochote, na nimeona hodari wa kompyuta wakiandaa ripoti nzuri zinazofika kwa foromani asiye na mamlaka ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Kwa kila aina ya onyo, amueni mapema nani ataamua na kwa kiwango gani: uwezekano wa kuchelewa kwa vifaa ukipita asilimia 60, mkuu wa ununuzi aagize siku hiyo bila kungoja kikao, malipo yakipitisha siku kadhaa mlizokubaliana, mkurugenzi mmoja amwendee mteja mwenyewe. Na maforomani wahakikishiwe, kwa maandishi yenye saini yenu, kwamba ukweli walioujaza daftarini hautatumika kuwakata mshahara. Wasipohakikishiwa, watawaandikia mvua.

Kwa hiyo, kwa mwezi huu, anzeni na miradi iliyo mikononi mwenu sasa. Gandisheni ratiba zake kama zilivyo leo, badilisheni ukurasa wa daftari uwe na sababu zaidi ya moja, na mtu mmoja aanze kutafuta ratiba za mwanzo za miradi kumi ya mtihani. Kazi hiyo haihitaji programu yoyote, na hata msiponunua chochote itawapa ile hesabu ya bure ya kurekebisha makadirio ya zabuni yenu ijayo. Mafaili yakiwa tayari, mwiteni muuzaji mumpe mtihani. Akikubali kufanya jaribio la miezi mitatu kwa mradi mmoja, kwa ada ya miezi hiyo tu, nitakuwa radhi kuyasoma matokeo pamoja nanyi. Akikataa kupimwa kwa miradi ambayo majibu yake mnayo, tafuteni mwingine.